Ufunguo wa Pili Uko Wapi?

Jumamosi moja adhuhuri, hapa Mikindani ya Mombasa (si ile ya Mtwara, ambayo wageni huichanganya na yetu), niliwakuta watu wazima wapatao ishirini wamelizunguka gari dogo jeupe, kila mmoja akitoa amri na hakuna aliyejua la kufanya. Ndani ya gari mlikuwa na mtoto wa miaka miwili. Mama yake, mwalimu wa shule ya msingi na jirani yangu, alikuwa amemketisha kwenye kiti cha mbele, akauweka mkoba wake kando ya mtoto, kisha akaufunga mlango ili azunguke nyuma kupakia vitabu. Mtoto, kwa udadisi wa watoto, akakibonyeza kitufe kilichoko mlangoni. Milango yote minne ikajikomea kwa mkupuo mmoja. Ufunguo ulikuwa mkobani, na mkoba ulikuwa ndani.

Jua la Pwani halihitaji kuelezwa kwa wenyeji. Wasiolijua nitawaambia tu kwamba gari lililofungwa vioo juani hupanda joto kwa nyuzi 10 za Selsiasi au zaidi katika dakika 20 za mwanzo, na kwamba mwili wa mtoto huwaka upesi kuliko wa mtu mzima. Mama alikuwa akigonga kioo na kumwonyesha mwanawe kitufe cha kubonyeza. Mtoto, akidhani ni mchezo, alicheka, halafu akaanza kulia. Ndipo sauti moja katika umati ikauliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa siku gari liliponunuliwa:

"Mwalimu, ufunguo wa pili uko wapi?"

"Sikupewa," akajibu.

Mzee mmoja hakungoja zaidi. Aliokota jiwe, akakipasua kioo cha dirisha la nyuma, akatia mkono na kufungua. Mtoto alitolewa ameroa jasho lakini mzima, alhamdulillahi. Umati ukatawanyika ukisimulia habari za jiwe na kioo. Mimi nilibaki na lile jibu la neno moja, nami ndilo ninalotaka tulizungumze leo, kwa kuwa nyuma yake kuna kisa kirefu kuliko cha kioo kimoja.

Ufunguo wa mwalimu huyo ulikuwa ukimsumbua kwa muda wa miezi miwili hivi kabla ya siku hiyo. Ulikuwa ni ule ufunguo wa kisasa usiotiwa tunduni: ukae nao mfukoni, uguse kishikio cha mlango, mlango ufunguke. Siku nyingine ulifanya kazi, siku nyingine haukufanya. Asubuhi uliitika, jioni ukanyamaza. Fundi wa kwanza aliyeitwa alisema kwamba mitambo ya uwanja wa ndege wa Moi, ambao hauko mbali na kwetu, ndiyo inayovuruga mawimbi. Fundi wa pili alibadilisha betri kubwa ya gari, ambayo haikuwa na ila. Wa tatu alitangaza kwamba kompyuta ya gari imekufa, akataja bei ya mpya inayozidi mshahara wa mwezi wa mwalimu. Jirani mmoja alinong'ona habari za jini. Sikumcheka, maana utabiri wake ulikuwa na msingi uleule wa mafundi wale watatu: hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amepima kitu chochote.

Siwaiti mafundi hao walaghai. Wamejifunza injini na breki kwa mikono yao wenyewe, na katika hayo ningewaamini roho yangu. Lakini kifaa hiki kimewajia kimefungwa, bila kitabu wanachoweza kukisoma, wakabaki wakibahatisha kwa pesa za wenzao. Na kubahatisha huanzia kwenye kitu cha bei kubwa, ilhali uchunguzi huanzia kwenye kilicho rahisi.

Basi tuuchunguze. Mwenye gari anapogusa kishikio, gari hutoa mawimbi ya masafa ya chini, kilohezi 125 au 134 hivi, yasiyofika mbali zaidi ya mita moja au karibu yake. Ufunguo, ambao muda wote umelala nusu usingizi mfukoni, huamshwa na mawimbi hayo, nao hujibu kwa masafa ya juu zaidi: karibu megahezi 315 kwa magari mengi yaliyoundwa kwa soko la Japani, na megahezi 433.92 kwa yale ya Ulaya. Jibu hilo hubeba nambari ya siri. Gari likiitambua, komeo hufunguka. Ukibonyeza kitufe cha ufunguo wenyewe, sehemu ya kwanza ya mazungumzo hayo hurukwa. Ufunguo husema bila kuitwa.

Mwanafunzi makini ameshaona tunakoelekea. Kama kitufe cha ufunguo kinafungua mlango lakini kishikio hakiitikii, basi sauti ya ufunguo inasikika na gari linaielewa. Hitilafu itafutwe kwenye wito, yaani kwenye kishikio, antena yake au nyaya zake, au pengine mtu ameuzima mtindo huo bila kujua. Kama kishikio cha dereva hakiitikii lakini cha abiria kinaitikia, ufunguo hauna lawama tena: tazama kishikio kile kimoja, ambacho hapa kwetu hunyonya hewa ya chumvi mchana na usiku mpaka vishikizo vyake vya ndani vikaota kutu ya kijani. Kama ufunguo unagoma mahali pamoja tu na kufaulu kwingineko, wa kushukiwa ni mahali. Taa fulani za umeme, chaja ya simu, au simu yenyewe iliyobanana na ufunguo mfukoni, huweza kuufunika mnong'ono wake. (Na ikiwa kweli ni uwanja wa ndege, mbona magari ya majirani zake hayakugoma?) Kama unagoma kila mahali na kwa kila njia, zimebaki betri mbili: ndogo ya ufunguo na kubwa ya gari. Ile kubwa hujieleza yenyewe, maana ikiwa imetulia na ni nzima mita itaonyesha karibu volti 12.6, nayo ikishuka chini ya 12 hata taa zitakuambia.

Lakini kipimo kinachokata mzizi wa fitina ni ufunguo wa pili. Ufunguo wa kwanza ukigoma, chukua wa pili usimame palepale, uguse kishikio kilekile. Wa pili ukifaulu, gari halina kosa, kompyuta yake haina kosa, na asikuuzie mtu nyingine. Wa pili nao ukishindwa, ufunguo wa kwanza una nafasi kubwa ya kuwa mzima, na uchunguzi uhamie garini. Kwa nusu dakika, bila senti moja, umelipunguza tatizo kwa nusu. Walimu wa sayansi hufundisha jambo hili kila muhula wanapowaambia watoto wabadilishe kitu kimoja na kuviacha vingine vilivyo, na wawe na kitu cha kulinganishia. Jirani yangu, naye ni mwalimu, alinyimwa kitu cha kulinganishia siku alipotoka na gari lake kwenye yadi.

Je, ugonjwa ulikuwa nini hasa? Ulitambuliwa na fundi wa saa. Ndiyo, saa, mzee mmoja anayekaa kibarazani na kioo chake cha jicho na sahani ya vikorokoro. Tulimpelekea ufunguo baada ya mkasa wa kioo, kwa sababu ndani yake mna betri ya duara kama za saa. Aliufungua kwa ukucha, akaitazama betri, akaitikisa, ikachezacheza.

"Mwanangu," akamwambia mwalimu, "hii si yake. Mguu mdogo kiatu kikubwa."

Betri hizi huandikwa namba usoni, na namba hiyo haikuandikwa kwa mapambo. CR2032 maana yake ni kipenyo cha milimita 20 na unene wa milimita 3.2. CR2025 ina kipenyo hichohicho na volti zilezile 3, ila unene wake ni milimita 2.5. Mtu fulani, huko nyuma, alikuwa ametia ya 2025 mahali pa 2032. Sehemu saba za kumi za milimita! Ufunguo ukikaa hivi unagusana, ukikaa vile hauguse. Ukiubana unaamka, ukiuachia unalala. Mzee aliipangusa chumvi kwenye vibamba kwa spiriti, akaacha vikauke, akatia betri iliyo sawa. Bei yake haikupita ya chai na mahamri mawili. Tangu siku hiyo ufunguo haujagoma hata mara moja.

Nikitazama nyuma, kinachonichoma zaidi ni kwamba gari lenyewe lilikuwa limesema. Katika magari mengi ya namna hii, nguvu za ufunguo zikipungua, maandishi ya onyo hujitokeza mbele ya dereva. Mwalimu aliyaona kwa wiki nyingi. Yalikuwa ya Kijapani. Alidhani gari linamwamkia.

Hapo ndipo kisa kinapoacha kuwa cha mtu mmoja. Sehemu kubwa ya magari tunayonunua hushushwa Kilindini yakiwa yametumika Japani. Kanuni za Shirika la Viwango la Kenya haziruhusu gari lililotumika liingie likiwa limepita umri wa miaka 8, na ni kanuni njema. Lakini gari la miaka saba lina ufunguo wa miaka saba, uliopita mikononi mwa mwenye gari wa kwanza, mnadani, melini na yadini. Kitabu cha maelezo, kama kimesalimika njiani, ni cha Kijapani. Na mara nyingi funguo zilizokuwa mbili kiwandani zimekuwa moja zinapofika kwetu. Mnunuzi hukagua rangi, hupiga teke magurudumu, husikiliza injini, hujaribu redio. Hawezi kukumbuka kuuliza kuhusu kitu ambacho hakioni.

Wauzaji hujitetea kwamba ufunguo mwingine unaweza kutengenezwa wakati wowote. Unaweza, lakini si kwa usawa. Ukiwa na ufunguo mmoja unaofanya kazi, kuliongezea gari wa pili ni kazi ya kawaida kwa fundi mwenye chombo chake. Ukiupoteza huo mmoja, umeingia katika kazi nyingine kabisa, ya kulifuta gari kumbukumbu ya funguo na kulifundisha upya, nayo ni ghali na si kila fundi aiwezaye. Wapo pia wanaonunua ufunguo unaofanana na wao kwa sura, wakaletewa wa megahezi 433 kwa gari la megahezi 315. Viwili hivyo havitasikizana milele, hata ukivitia betri ya dhahabu.

Na ule uliopotea uko kwa nani? Yamkini uko katika droo ya nyumba moja huko Nagoya, nao hautamdhuru mtu. Yamkini pia umebaki karibu zaidi. Chombo cha fundi huweza, kwa magari mengi, kuonyesha ni funguo ngapi gari linazitambua. Kama gari linazijua mbili nawe unao mmoja, funguo zisizo zako zifutwe kabla hujalilaza gari nje usiku wa kwanza.

Kuna hitilafu nyingine ambayo si hitilafu, nami ningekosea kuipita. Unabonyeza kitufe cha kufunga, unaondoka, unarudi kukuta gari liko wazi na vitu havimo. Ufunguo ni mzima na gari ni zima. Mwizi alisimama karibu na chombo kinachopiga kelele katika masafa yaleyale, akaufunika mnong'ono wa ufunguo wako, na gari halikupata kusikia kwamba umeliambia lifunge. Afrika Kusini wizi huu umekuwa maarufu kwa miaka mingi. Dawa yake ni ya mkono: baada ya kubonyeza, tazama taa ziwake, kisha uvute mlango. Mwenye ufunguo unaogomagoma huwa windo rahisi zaidi, kwa sababu ameshazoea kubonyeza bila kujibiwa, na taa zisipowaka hashtuki.

Afrika Kusini hiyohiyo, niseme kwa fahari ya bara letu, ndiko ilikotengenezwa mojawapo ya mbinu mashuhuri zaidi za nambari inayobadilika, inayoitwa KeeLoq. Iliundwa katika miaka ya 1980 katika kampuni ya Nanoteq, hesabu zake zikitungwa na Gideon Kuhn, na mnamo 1995 ikauzwa kwa kampuni ya Marekani, Microchip, kwa kiasi cha dola milioni 10. Kwa mbinu za aina hii, kila ubonyezapo kitufe ufunguo husogeza hesabu yake hatua moja mbele, na gari husogea nao, ili mwizi aliyenasa nambari ya jana asifungulie leo. Ndiyo maana ufunguo ukichezewa na mtoto mbali na gari, hesabu yake huweza kulitangulia gari mpaka gari likaukana. Aghalabu kuubonyeza mara mbili mfululizo karibu na gari hutosha kuwapatanisha. Hakuna fumbo lisilofumbuliwa, bila shaka. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr, Bochum, Ujerumani, walionyesha jinsi ya kuivunja KeeLoq, na mwaka 2011 wenzao wa Zurich walizijaribu aina 10 za magari ya watengenezaji 8, wakayafungua kwa kupokezana mawimbi kati ya gari na ufunguo ulioko mbali. Hata hivyo, kwa mtu wa Mikindani, hatari iliyo karibu ni betri ya milimita 2.5.

Ningependa basi kila mwenye gari la namna hii ajue mambo ambayo mwalimu hakuambiwa na mtu. Ndani ya ufunguo mwako mna kijiti cha chuma kinachochomoka, na mahali fulani kwenye kishikio cha dereva, pengine chini ya kifuniko kidogo, kuna tundu lake. Betri ya ufunguo ikifa kabisa njiani, gari bado litawaka: katika magari ya Toyota, kwa mfano, kanyaga breki, uguse kitufe cha kuwashia kwa ufunguo wenyewe, upande wenye nembo, kisha ubonyeze. Kidude kilicho ndani yake hupata nguvu kutoka kwa mawimbi ya gari, hakihitaji betri. Ufunguo usiuweke usiku kucha juu ya televisheni au kando ya kompyuta, maana hapo mawimbi huuamsha ovyo na kuimaliza betri. Na betri iliyotolewa isiachwe mezani. Mtoto akiimeza ikamkwama, huweza kuliunguza umio lake kwa muda wa saa mbili tu. Akimbizwe hospitali papo hapo.

Kwa walimu nina ombi mahususi. Masomo ya umeme na mawimbi ya redio hufundishwa shuleni kwa michoro ubaoni, na wanafunzi huyakariri kwa ajili ya mtihani. Leteni ufunguo mmoja darasani. Chukueni betri mpya na iliyochoka, mzipime kwa mita: mara nyingi zote mbili zitaonyesha karibu volti 3, na darasa litasema ni sawa. Kisha unganisheni kikinza cha omu 100 kwa sekunde moja au mbili, mtazame tena. Mpya itashuka kidogo, iliyochoka itaporomoka. Huo ndio ukinzani wa ndani, ambao umewatatiza wanafunzi wengi kwenye karatasi, nao ndio unaowadanganya mafundi wanaopima betri ikiwa haina kazi na kuitangaza nzima. Mwanafunzi aliyeliona hilo kwa macho yake, akaenda gereji ya mjomba wake likizoni, atawaokolea watu pesa nyingi.

Kwa wauzaji sina ombi, nina dai. Gari lililoacha kiwanda na funguo mbili ni pungufu likiuzwa na mmoja, kama lilivyo pungufu likiuzwa bila gurudumu la akiba. Idadi ya funguo na iandikwe kwenye hati ya mauzo. Kama ni mmoja, bei ya kutengeneza wa pili ipunguzwe palepale, mbele ya macho ya mnunuzi, na zile zisizojulikana ziliko zifutwe garini. Na maelezo ya kurasa mbili kwa Kiswahili, yanayosema betri ni ya namba gani, kijiti kiko wapi, na ile alama ya Kijapani ina maana gani, hayamfilisi mtu. Wanaolikagua gari kabla halijapakiwa melini, na wanaolipokea bandarini, wangeweza kuisaidia kazi hii kwa mstari mmoja tu wa wino: funguo, ngapi?

Mwalimu ametia kioo kipya. Aliipigia simu yadi iliyomuuzia gari, akaulizwa tarehe ya mauzo, akaambiwa wataangalia kwenye droo. Hiyo ilikuwa wiki tatu zilizopita. Kwa sasa ufunguo wake mmoja anautembeza shingoni kwa utepe, kama filimbi ya mwalimu wa zamu, na haufungi mlango wa gari kabla hajaushika.